Bata Mzinga Mwenye Kesi

Jamani, nimechoka kuulizwa. Tangu turudi sijafungua boneti hata moja pale gereji bila mtu kuja kuniinamia begani: "Ramadhani, mlifika? Na yule ndege je?" Nikieleza nusu, mwingine anaingia, naanza upya, na gari la mtu linakaa mdomo wazi mpaka adhuhuri. Basi naandika mara moja. Someni, kisha mniache nifanye kazi.

Nyinyi wa mtaa wetu wa Buyenzi mnaijua Kesi ya Tausi tangu utotoni. Lakini nina marafiki Kajaga na Kinama, na hao sina budi kuwaeleza. Zamani za Mbelgiji, babu yangu, ambaye nimerithi jina lake, alikuwa mpishi wa bwana mmoja mkubwa wa serikali huko milimani, ng'ambo ya Gitega. Yule bwana alifuga tausi. Siku moja tausi hayupo, manyoya yamekutwa nyuma ya jiko, na babu akapelekwa mahakamani. Watu wa Buyenzi walipanda milima kwenda kusikiliza. Babu akasimama kizimbani akasema: "Mimi Mwislamu. Sili nyama isiyochinjwa, na kuchinja kunamwaga damu. Manyoya mmenionyesha. Damu iko wapi?" Wakapekua jiko, ua, chumba chake, mpaka chini ya kitanda. Hawakuona hata tone. Akaachiwa huru, bwana mkubwa akabaki na manyoya yake, na tangu hapo mtu wa kwetu akisingiziwa jambo husema tu: damu iko wapi?

Mahakama ile siku hizi ni makumbusho. Jina la mji silitaji, maana nawajua, mtaenda kumsumbua mlinzi.

Buyenzi

Shangazi Zaituni, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, mwaka huu amejaliwa kwenda Hija. Ijumaa moja baada ya sala akaniita. Nikamkuta amekaa mkekani, na pembeni yake, amefungwa mguu kwenye mguu wa kabati, kuna bata mzinga mkubwa anayenitazama vibaya.

"Baba," akasema. Ananiita hivyo kwa ajili ya jina. "Utanipeleka mahakamani."

"Salama, Shangazi? Nani kakushitaki?"

"Hakuna mutu alinishitaki. Nataka ile mahakama ya Mzee. Huyu ndege nimupeleke mwenyewe, na mukono wangu. Nisipomufikisha, Hija siendi."

Nikadhani homa. Nikamgusa paji la uso, akanipiga kofi mkononi. Mtu haendi Maka na deni, akasema, na hili ni deni. Tausi hakumpata sokoni, kila muuza kuku aliyemuuliza alimcheka, kwa hiyo amechukua ndege anayekaribiana naye kwa ukubwa na kwa majivuno.

"Deni gani, Shangazi? Babu si aliachiwa?"

"Beba ndege," akasema.

Nami nikabeba. Shangazi yangu alinilea baada ya mama kufariki, na mpaka leo akinyanyua kidole natafuta viatu.

Kupanda

Tulichukua Probox ya kijana mmoja aitwaye Deo, mtu wa maneno mengi na breki chache. Wakati huu wa taabu ya esansi, vituo vya petroli vimekauka, nikamuuliza kabla hatujatoka: tenki iko vipi? Akasema imejaa. Nikachungulia: sindano ya esansi imelala chini kabisa.

"Ile ilikufa zamani," Deo akasema. "Mi natumia imani."

Tukaanza kupanda. Kushoto bonde, kulia ukuta wa mlima, na mbele yetu vijana wa baiskeli wamejishika nyuma ya lori, wanavutwa juu bila kukanyaga pedali. Bata mzinga alikuwa kwenye kapu mapajani mwangu, na kila kona alinidonoa kidole. Nikimlalamikia Shangazi, ananiambia nisimwudhi.

Kabla ya Bugarama, imani ya Deo ikaisha. Gari likakohoa, likasimama, likaanza kurudi nyuma, nikaruka kutia jiwe. Deo akafungua boneti na kunitazama kwa matumaini, kwa kuwa mimi ni fundi. Nikamwambia ndugu yangu, fundi hawezi kutengeneza tenki tupu. Wale vijana wa baiskeli wakatupita wakicheka. Deo akachukua bido lake la kutilia esansi, akapanda lori la ndizi, akaahidi kurudi sasa hivi. Kwa Deo, "sasa hivi" ni kesho.

Tukakaa kando ya barabara, mimi, Shangazi na ndege. Ukungu ukashuka, baridi ikaanza kuuma. Hapo ndipo Shangazi akaniambia, bila kunitazama, huku anafunga mtandio wake.

"Baba, yule tausi, Mzee alimukula."

Nyinyi mnajua nimepigana na watoto wangapi shuleni kwa ajili ya babu. Nimevunjwa jino kwa ajili ya babu! Na jino lenyewe la mbele.

"Alimuchinjia mutoni," akaendelea. "Alisimama ndani ya maji, akasema bismillahi, damu ikaenda na mutoni. Mbele hajafariki aliniita, akasema: Zaituni, urudishe ndege pale mahakamani. Mi nikasema ndiyo, kisha nikaona haya. Miaka ikaenda."

"Kwa hiyo babu alidanganya mahakama!"

Shangazi akanigeukia kwa hasira. "Alidanganya wapi? Aliuliza damu iko wapi. Kuuliza si uongo."

Nikaona hoja yenyewe haina mlango wa kuingilia. Nikajaribu dirisha. "Haya, ni deni la babu. Lakini linakuzuiaje wewe kwenda Hija?"

"We ni fundi ao ni kadhi?" akasema. Ndege naye akanidonoa.

Kwa Mama Esperansi

Aliyetuokoa na baridi ni muuza karoti wa pale barabarani, Mama Esperansi. Alituona tunatetemeka, akatufungia biashara yake na kutupeleka kwake, nyumba ya matofali nyuma ya shamba la kabichi. Mlangoni Shangazi akamsalimu, na mimi, kwa kuwa mikono ilikuwa imekufa ganzi, nikamkabidhi kapu anishikie kidogo.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mgeni akifika mlangoni na ndege mkononi, mwenyeji ataelewa nini? Mama Esperansi akapokea kwa mikono miwili, macho yakamjaa maji.

"Yoo! Murakoze cane! Mumejisumbua bure, ndege mukubwa namna hii!"

Akaingia naye jikoni. Shangazi akanitazama. Nilimwomba Mungu ardhi inimeze, lakini ardhi ya Bugarama ni baridi mno, haina haraka.

Tukaletewa maharage ya mawese na viazi vinavyofuka moshi, na nikiri kwamba sijawahi kula viazi vile maishani mwangu. Lakini jikoni nilisikia kisu kinanolewa kwenye jiwe. Kisha Mama Esperansi akatokea, anacheka kwa furaha.

"Muzuri sana ule muzee ni Mwislamu," akasema akinionyesha mimi, mwenye umri wa mwanawe. "Asubui atatuchinjia, nitaita majirani wote, kila mutu atakula bila wasiwasi."

Ndivyo ilivyo kwetu Burundi, mnajua wenyewe. Sherehe ya Mkristo ikiwa na nyama, atatafutwa Mwislamu achinje ili mgeni yeyote atakayekuja asibaki na mate mdomoni. Ni heshima. Utaikataaje? Na zawadi iliyokwisha pokelewa utaiombaje?

Shangazi akaweka sahani chini. "Mama Esperansi," akasema polepole, "yule ndege siwezi kumuacha. Iko na kesi."

"Iko na nini?"

"Na kesi. Kubwa. Mahakama inamungojea."

Mama Esperansi akajishika kifua. Akakimbilia jikoni, akamrudisha ndege na kapu lake, akaliweka kona ya mbali kabisa na watoto. "Alifanya nini? Aliumiza mutoto?"

"Apana. Ni mambo ya familia."

Yule mama mwema hakuuliza zaidi. Lakini alimmwagia bata mzinga mahindi kopo zima, akamwekea na maji ya vuguvugu. "Asiende kusema kule tulimunyima chakula," akaninong'oneza. Ndege alikula vizuri kuliko sisi. Asubuhi, Deo aliporudi na bido, tulipewa kabichi na kapu la karoti, na Mama Esperansi alituaga kwa huzuni, kama tunakwenda kuzika.

Muramvya

Kumbe usipofunga mdomo wa dereva, umeitangazia Burundi nzima. Mama Esperansi alimwambia Deo, na Deo alikuwa na abiria wawili wa kuokota na madirisha mawili yasiyofungika, kila lori lililotupita likapewa habari. Tulipofika kwenye kizuizi cha Muramvya, polisi hakutazama makaratasi. Aliinama dirishani kwangu.

"Ni yeye?"

Deo akaitikia kwa heshima: ni yeye.

Polisi akamchunguza bata mzinga, na bata mzinga akamchunguza polisi. "Iko na wakili?"

Shangazi akaninyooshea kidole mimi. Polisi akanitazama kuanzia kandambili zangu mpaka kofia, akatingisha kichwa kwa masikitiko. "Kuraje," akasema, kama anayemtia moyo mfiwa, akainua kamba tupite.

Tulisimama kula brosheti, ile mishkaki yetu ya mbuzi, na ndizi za kuchoma, baada ya Shangazi kumhoji mchomaji mpaka akamleta aliyechinja. Hapo pia kesi ilikuwa imefika kabla yetu. Mwanamke mmoja alisema ndege wa namna ile hafai kufungwa, atozwe faini. Mzee mmoja akauliza kama amekiri. Nikawaambia mshtakiwa hana la kusema, na ndege akatoa ule mlio wake wa gulugulu, watu wakasema basi, kesi imemwelemea. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Shangazi hakucheka. Alikuwa anasogeza tasbihi yake haraka haraka, na kila tulivyokaribia, midomo yake ilizidi kukauka.

"Unaogopa nini, Shangazi?"

"Nikisema ukweli pale, nitavunja jina ya Mzee. Nikinyamaza, Maka nitaingia na uso gani?"

Nilishika mkono wake. Kwa mara ya kwanza safari nzima sikuona cha kulalamikia.

Mahakamani

Jengo ni dogo kuliko hadithi zetu. Ukumbi mmoja wa matofali mekundu, bati juu, uani mti wa parachichi. Ndani kuna kiti cha hakimu, kizimba cha mbao, na kabati la kioo lenye manyoya matatu ya tausi yaliyofifia. Tulikuta wageni wengine, kwaya ya kanisa moja la Musaga, wamekuja matembezi na sare zao.

Mwongozaji ni dada anaitwa Klodeta, na Mungu amempa sauti. Akasimulia kesi utadhani alikuwepo. Bwana mkubwa amemfanya mnene, hakimu amemfanya kiziwi, na babu, masikini babu yangu mfupi, amemrefusha mpaka akagusa dari. Alipofika mahali penyewe, akanyanyua mikono na kuuliza wageni wote: "Damu iko wapi?"

"Haiko!" kwaya ikajibu kwa sauti nne, besi wakimalizia.

"Gulugulu," akasema bata mzinga ndani ya kapu.

"Mutu asiye na kosa hata kidogo!" Klodeta akapaza sauti. "Mukono wake haukugusa hata unyoya moja!"

Hapo Shangazi akainua kidole. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Mi ni mutoto wake," akasema.

Loo! Ukumbi ulilipuka. Klodeta alipiga kelele ya furaha, wanakwaya wakatoa simu, mlinzi akaitwa kutoka getini aje amwone mtoto wa shujaa. Shangazi akapandishwa kizimbani kwa makofi, akasimama pale alipokuwa amesimama baba yake, mdogo, na kapu mbele yake. Akanitafuta kwa macho. Nikamwitikia kwa kichwa, nikimaanisha sema, Shangazi, jino langu nalisamehe.

Akainua kapu. "Baba yangu aliniambia nirudishe ndege. Huyu hapa. Ni wa mahakama."

"Zawadi!" Klodeta akalia machozi. "Familia imeleta zawadi!"

"Si zawadi," Shangazi akasema. "Ni kulipa..."

Lakini kwaya ilikwisha anza wimbo, na ukianziwa wimbo na kwaya ya Musaga huwezi kusikiwa hata ukiwa na honi ya lori. Mlinzi akapokea kapu. Shangazi akashuka, jasho linamtoka.

"Nimesema kweli," akaninong'oneza. "Kama hawakusikia, iko juu yangu?" Nikamwambia wewe ni mtoto wa Mzee, hilo halina ubishi. Niliona hakuridhika.

Tulikuwa uani, tayari kuondoka, nilipomwona mlinzi anarudi na kapu, anajikuna kichwa. Makumbusho hayana banda, akasema, na mbwa wa jirani hawana dini. Ndege hawezi kulala hai mpaka asubuhi. Kwaya nayo ilikuwa imekuja na mchele, mafuta na sufuria zao. Basi wamekubaliana apikwe, ila wanaomba kitu kimoja. Akanitazama kwa adabu.

"Wewe ni Mwislamu, siyo?"

Nikamgeukia Shangazi. Yeye alitaka kurudisha ndege mzima, aliye hai, badala ya yule aliyeliwa. Sasa wanataka kumla tena, pale pale. Alitazama kizimba kupitia mlango, kisha ua, kisha zile sufuria.

"Muchinje," akasema. "Lakini hapa uani. Mbele ya watu. Usiende mutoni."

Nikapewa kisu. Nikaelekea kibla, nikasema bismillahi, na mjukuu Ramadhani akachinja ndege mbele ya mahakama ile ile, na damu ikamwagika chini ya parachichi, nyekundu, kila mtu anaona. Shangazi aliitazama mpaka ikakauka.

Tukala kwenye majani ya migomba, kwaya, mlinzi, Deo, mpaka abiria wa Deo ambao hata sijui kwa nini walikuwa bado nasi. Karoti za Mama Esperansi ziliingia kwenye wali, kabichi ikawa kachumbari. Klodeta, kwa heshima, akamchagulia Shangazi paja. Shangazi akauma, akavuta, akatafuna kwa muda mrefu. Meno yake si ya kuazima lakini ni machache.

"Huyu ni mugumu," akasema, bila kumlenga mtu. "Tausi alikuwa laini."

Kila mtu akaacha kutafuna. Mkono wa Klodeta ukasimama njiani kati ya jani na mdomo. Mimi ndiye niliyeshtuka kuliko wote, maana ndipo nilipoelewa deni la babu lilivyomzuia yeye Hija.

"Nilikuwa mutoto mudogo," Shangazi akasema. Sasa machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Mzee alinipa paja. Akasema kula, Zaituni, usiseme. Sikusema. Mi naenda Maka, watoto wangu. Tausi ya hapa nilikula. Munisamehe."

Mwisho mwalimu wa kwaya, bwana mtu mzima mwenye miwani, akautazama mfupa uliokuwa mkononi mwake, akausogeza taratibu nyuma ya mgongo wake.

"Mama," akasema, "hapa kila mutu amekula ndege ya mahakama. Nani atamuhukumu mwenziye?"

Kicheko kilichotoka hapo kiliamsha mbwa wa jirani. Klodeta alicheka mpaka akalia, akamkumbatia Shangazi na mikono ya mafuta. "Tumekusamehe, Mama. Uende salama. Lakini kesho wageni nitawaambia nini?"

"Waambie damu haikuonekana," Shangazi akasema, akijifuta uso kwa mtandio. "Hiyo si uongo."

Kurudi

Kuteremka hakuna la kusimulia. Deo alizima injini kuokoa esansi, tukateremka kwa imani yake ile ile, na mimi nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Shangazi alilala njia nzima, kichwa begani kwangu, kapu tupu mapajani.

Tulipoingia Buyenzi majirani walikuwa wamejaa kibarazani, maana habari za kesi zilikwisha shuka mlima kabla yetu. Wakamsaidia kushuka garini, wakamletea kiti, wakamzunguka. Haya, Mama Zaituni, tuambie, mahakama imesemaje?

Shangazi akaketi, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Mahakama imeshiba," akasema.